Sabule na Mgeni wa Wikendi: Kumbukumbu za Nyumba ya Wageni Mjini Lamu

Miongoni mwa masuala yanayoikabili miji ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki, ni machache yanayowagawanya wenyeji kama suala la nyumba za mawe zinazouzwa na kugeuzwa nyumba za wageni. Wapo wanaosema kwamba nyumba isiyo na fedha za kuikarabati huanguka, na kwamba mgeni anayelipa kulala humo ndiye anayelipia pia chokaa, boriti na ujira wa fundi. Na wapo wanaosema kwamba mji hauwi mji kwa kuta zake, na kwamba mtaa ambao milango yake mingi hufungwa hadi msimu wa wageni ufike umekwisha kufa hata kama umepakwa chokaa mpya. Mjini Lamu, ambako eneo la mji wa kale lenye ukubwa wa hekta 16 liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwa kutambuliwa kuwa makazi ya Waswahili ya kale zaidi na yaliyohifadhika vizuri zaidi katika eneo hili, mjadala huo haukomei kwenye maandishi ya wataalamu, kwa maana ndio unaoamua nani atalala katika nyumba gani na nani atahama.

Mjadala huo umerejea hivi karibuni katika ukoo mmoja unaohusiana na mwandishi wa makala haya kwa ndoa, ambao warithi wake, waliotawanyika kati ya Mombasa, Nairobi na nchi za Ghuba, wanapaswa kukata shauri kama nyumba yao ya mtaa wa Mkomani iuzwe kwa mnunuzi wa kutoka ng'ambo anayetaka kuifanya nyumba ndogo ya wageni ya kifahari. Mwandishi aliombwa rai, na katika kuitafuta alizipitia upya kumbukumbu za safari zake za Lamu tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, hasa ile ya kwanza ya mwishoni mwa juma, alipolala katika nyumba ya namna hiyohiyo. Matukio ya safari hizo yanaelezwa hapa kwa ufupi na kwa mfuatano wake, kwa sababu kila moja lilimfunza jambo kuhusu uhusiano uliopo kati ya mgeni, mwenyeji na nyumba, na kwa sababu mafunzo hayo yakiwekwa pamoja yanatoa jibu ambalo warithi wengi wa pwani wanalihitaji leo.

Katika safari ya kwanza mwandishi alitoka Mombasa kwa basi, akapitia Malindi na Garsen, akaingia barabara ya Witu ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi na ambako mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi, hadi gati la Mokowe, ambapo bara hukoma na kila abiria, awe mtalii au mwanafunzi anayerudi likizo, hushuka na kuingia mashuani. Hata wanaokuja kwa ndege hawaepuki maji, kwani uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari unaokitenga na kisiwa cha Lamu. Ndani ya mashua, bibi mmoja aliyepakata kikapu cha maembe alimwuliza mwandishi anakwenda kwa nani, na alipojibiwa kwamba haendi kwa mtu, anakwenda kulala katika nyumba ya wageni, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Haya mwanangu, lakini mgeni huwa na mwenyewe." Kauli hiyo fupi ilibeba kanuni nzima ya ukarimu wa mji huo, kwamba mgeni hutambuliwa kwa mtu anayemdhamini, yaani mtu wa mji ambaye atabeba lawama mgeni akikosea, atabeba gharama mgeni akiugua, na atamsindikiza hadi pwani mgeni akiondoka.

Kanuni hiyo ina mizizi katika biashara ya bahari. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliifikia pwani hii kwa kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kurejea makwao kwa kusi, upepo wa kusini unaoshika takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, hivi kwamba mfanyabiashara aliyekuja kununua pembe au boriti za mikoko hakuondoka siku aliyoitaka, ila alisubiri mpaka upepo ugeuke. Tajiri wa Lamu mwenye washirika wa aina hiyo aliwatengea mahali ndani ya nyumba yake, nalo ni sabule, chumba cha wageni kilichowekwa kando ya sehemu za familia na kufikiwa bila kupita faraghani. Humo mgeni alilala, akala chakula cha nyumba hiyo na kuendesha biashara zake chini ya jina la mwenyeji wake, na mara nyingine uhusiano huo ulifikia ndoa, jambo ambalo limo katika historia ya koo nyingi za mwambao. Ni dhahiri basi kwamba nyumba ya Mswahili ilikuwa na nyumba ya wageni ndani yake kabla hoteli ya kwanza haijajengwa pwani, isipokuwa nyumba hiyo ya wageni ilikuwa chumba kimoja katika nyumba yenye watu wake, na haikuwahi kuwa nyumba nzima iliyohamwa ili wageni wapate nafasi.

Nyumba aliyofikia mwandishi ilikuwa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wenye nyumba nyingi za mawe, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya maduka inayoupita mji kwa urefu wake sambamba na pwani. Kwa nje ilikuwa ukuta mrefu wenye madirisha machache, mlango wa mti uliotiwa nakshi, na mbele ya mlango daka, yaani kibaraza kilichofunikwa chenye viti vya mawe pande zote mbili, ambapo mwenye nyumba wa zamani alizungumza na watu wasiokuwa na haja ya kuingia. Baada ya mlango palikuwa na tekani, kijiukumbi kilichopindishwa ili apitaye njiani asione yaliyomo; kisha kiwanda, ua ulio wazi kwa juu unaoingiza mwanga na hewa; kisha misana, yaani kumbi ndefu nyembamba zilizopangana moja nyuma ya nyingine huku kila moja ikiwa imeinuka kidogo kuliko iliyoitangulia; na mwishowe chumba kiitwacho ndani, ambacho ukuta wake umejaa zidaka, yaani vishubaka vya plasta ya chokaa vilivyochongwa kwa nakshi, ambamo zamani viliwekwa vyombo vya kauri kutoka China. Mpango huo humtoa mtu hadharani na kumpeleka faraghani hatua kwa hatua, na anayeuelewa hutambua kwamba haukukusudiwa uzuri peke yake, kwani kila kizingiti kilipima ukaribu wa mtu na wenye nyumba.

Mwandishi alipangiwa kulala katika chumba hicho cha ndani chenye zidaka, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote na cha bei ya juu kuliko vyote, na nyuma yake palikuwa na chumba kidogo kilichogeuzwa bafu. Wataalamu walioisoma nyumba ya Lamu wameeleza kwamba chumba cha nyuma cha namna hiyo, kiitwacho nyumba ya kati, kilihusishwa na mambo mazito ya familia kama uzazi na kuosha maiti, mambo ambayo hayakuoneshwa kwa mtu baki. Sabule ya nyumba hiyo ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imefanywa stoo ya mashuka na masanduku ya soda. Utaratibu wa zamani ulikuwa umepinduliwa, kwani mgeni aliyestahili kukaa sabuleni alikuwa amelala ndani, na mwenyeji aliyestahili kuwa ndani hakuwamo nyumbani kabisa, akiwa anaishi bara ya mbali na kuleta maagizo yake kwa simu. Hapo mwandishi alianza kuelewa kwamba ubaya au uzuri wa nyumba za wageni haupimwi kwa vitanda, feni na maua, unapimwa kwa swali moja, nalo ni mahali alipo mwenyeji.

Kesho yake kifungua kinywa kiliandaliwa na mama mmoja wa makamo, mkaazi wa Langoni, upande wa kusini wa mji, aliyepika mahamri na mbaazi za nazi, na jioni yake samaki wa kupaka na mkate wa mofa. Mwandishi alipomwamkia, "Shikamoo mama," na kumshukuru kwa mapishi, alijibu, "Marahaba mwanangu, nyumba hii naijua tangu bibi mwenyewe yu hai," kisha, huku akiendelea na kazi yake, akaeleza ni binti gani aliyeozwa katika nyumba hiyo, ni msana upi watoto wa mtaa walisomeshewa Kurani, na kwa nini kisima cha uani kilizibwa. Hapakuwa na karatasi yoyote nyumbani humo yenye habari hizo, wala mmiliki mpya hakuzijua. Mama huyo alikuwa ndiye mwenyeji wa kweli aliyebaki, ijapokuwa mkataba wake ulimtambua kwa upishi tu, na siku ambayo angeacha kazi nyumba ingepoteza kumbukumbu yake bila mtu yeyote kuona kwamba kuna kilichopotea.

Kutokana na mazungumzo hayo mwandishi alijifunza mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni kwamba faida ya nyumba ya wageni ni ya kweli na haifai kubezwa, kwa sababu mshahara wa mama yule ulilipa karo za watoto, samaki aliyempika alinunuliwa kwa mvuvi pwani, na vitu vyote vilivyotumika nyumbani vilibebwa na punda wa watu wa mji, kwa kuwa vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. La pili ni kwamba fedha peke yake haifundishi adabu. Katika chumba cha mwandishi palibandikwa karatasi iliyowataka wageni wavae nguo za heshima na wasinywe pombe njiani, na karatasi hiyo ilikuwa imechukua kazi iliyokuwa ya mtu, yaani kumweleza mgeni kwa upole kwamba amefika katika mji wa misikiti na vyuo, ambao kila mfungo sita, mwezi wa Rabiul-awwal, hupokea umati wa wageni wa Maulidi wanaokusanyika katika msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh mwishoni mwa karne ya 19. Wageni wa Maulidi ni wengi mno kuliko vyumba vya hoteli, na bado hupata malazi na chakula, kwa sababu wengi wao hupokewa katika nyumba za watu. Desturi ya sabule, kwa hiyo, haijafa, maana huonekana kila mwaka, na inaonesha kwamba mji huu unajua kupokea wageni wengi bila kuwahamisha wenyewe.

Siku iliyofuata, ukuta wa uani ulikuwa ukitengenezwa, na mwandishi alipata nafasi ya kumtazama fundi wa chokaa akifanya kazi pamoja na wanagenzi wake. Fundi alieleza kwamba kuta za Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikizwa kwa chokaa itokanayo na matumbawe yaliyochomwa, na kwamba ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa, hivi kwamba anayeupaka saruji kwa nia ya kuuimarisha huufungia maji na chumvi ndani yake hadi mawe yenyewe yameguke. Alieleza pia kwamba vyumba vya kale ni vyembamba kwa sababu dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake hauruhusu chumba kuzidi takriban mita 3, na kwamba boriti hizo zilikuwa bidhaa kubwa ya Lamu kuelekea Arabuni na Ghuba mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Alipoulizwa ni nani anayempa kazi nyingi zaidi, alijibu bila kusita kwamba ni wenye nyumba za wageni, kwa kuwa familia za mji, hata zinapojua ubora wa chokaa, hushindwa gharama na kununua saruji dukani.

Jibu hilo liliuimarisha sana upande wa wanaotetea nyumba za wageni, na ni haki lielezwe kwa uzito wake. Mpango wa uhifadhi wa Lamu uliochapishwa mwaka 1986, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, vimetoa mwongozo na mamlaka ya kuzuia uharibifu, lakini mwongozo haununui chokaa, na ufundi usiotumika hupotea pamoja na wazee wanaoujua. Zanzibar imetoa funzo chungu juu ya gharama ya kuchelewesha ukarabati, kwani tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri kuliko yote katika Mji Mkongwe ambao nao umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, iliporomoka jumba hilo likiwa katika matengenezo na kuua watu wawili. Ikiwa jumba la taifa zima linaweza kufikia hali hiyo, nyumba ya warithi kumi na wawili wasioelewana nani atoe fedha haina matumaini makubwa zaidi, na anayesema kwamba nyumba kama hizo ziachwe tu kama zilivyo hajasema ziokolewe vipi.

Alasiri ya siku hiyohiyo mwandishi alitembea kwa miguu kandokando ya bahari hadi Shela, kijiji kilicho kilomita 3 hivi kutoka mjini, chenye msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829 na mnara wake wa umbo la pia unaoonekana kutoka mbali baharini. Shela ndiko ziliko nyumba nyingi za wageni za kifahari, kwa sababu ya ufuo mrefu wa mchanga unaoanzia hapo, na nyuma ya ufuo huo kuna vilima vya mchanga ambavyo watalii huvipanda ili kutazama jua likitua. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani karibu na msikiti alimwonesha mwandishi vilima hivyo na kumweleza kwamba chini yake ndimo yamo maji matamu yanayonywewa Lamu, kwani mvua huchujwa na mchanga na kukaa juu ya maji ya chumvi, na kisima kikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. "Mchanga huu ni mtungi wetu," alisema, na kusikitika kwamba kila mwenye nyumba mpya anataka bafu katika kila chumba na bwawa la kuogelea uani.

Katika nyumba za kale maji yalihifadhiwa kwa uangalifu katika birika, yaani tangi la mawe lililojengwa ndani ya choo au bafu, ambamo viliwekwa visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, na mtu alioga kwa kata akijua ni kiasi gani kimebaki. Mwenyeji aliyekuwa akiishi na mgeni wake chini ya paa moja alitumia birika moja naye, na kwa sababu hiyo ubadhirifu wa mgeni ulimgusa mwenyeji siku hiyohiyo na kusahihishwa siku hiyohiyo. Mwenye nyumba anayeishi mbali hana kinachomwonesha kwamba kisima cha jirani kimeanza kuonja chumvi. Funzo alilolipata mwandishi Shela ni kwamba uwepo wa mwenyeji una faida zaidi ya heshima na mazungumzo, kwa kuwa ndio kipimo cha matumizi ya rasilimali, na kisiwa kidogo kisichokuwa na kipimo hicho hujiangamiza kwa mafanikio yake chenyewe.

Kabla ya kuondoka mwandishi alikwenda Takwa, mahame yaliyo katika kisiwa cha Manda, kwa mashua iliyopitia mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, ambao hupitika maji yanapojaa, hivi kwamba nahodha alipanga saa ya kwenda na ya kurudi kwa kufuata maji. Huko kuna mabaki ya mji uliostawi katika karne ya 16 na 17, wenye ukuta wa kuuzunguka, msikiti wa Ijumaa ambao mnara wake umesimama juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo lenye tarehe inayolingana na mwaka 1681 au 1682. Mji huo ulihamwa kabla ya karne ya 18, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuharibika kwa maji ya visima na uhasama na majirani. Watu wake walivuka na kuweka makazi Shela, na vizazi vyao vimeendelea kurudi Takwa kuomba dua, hasa dua ya mvua. Mahame hayo yanasimamiwa na Makumbusho ya Taifa, nyasi zinakatwa, kuta zimeimarishwa, na mgeni hulipa kiingilio. Kwa kipimo cha mawe peke yake Takwa imehifadhiwa vizuri, lakini hakuna atakayesema kwamba Takwa ni mji, na mtu aliyetoka kulala katika nyumba nzuri isiyokuwa na mwenyewe hawezi kuyatazama mahame hayo bila kujiuliza kama mji wa Lamu unaelekea kuhifadhiwa kwa namna hiyo.

Miaka mingi baadaye mwandishi alirudi Lamu, safari hii akiwa mgeni wa jamaa, na kuukuta mji katika dhiki. Mnamo Septemba na Oktoba 2011 wageni walikuwa wametekwa nyara katika maeneo ya Kiwayu na Manda; Juni 2014 mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani yaliua watu zaidi ya 60; amri ya kutotoka nje usiku ilitangazwa, na nchi kadhaa ziliwaonya raia wake wasifike Lamu. Nyumba ile ya Mkomani ilikuwa imefungwa kwa kufuli, daka lake limejaa majani makavu, na mama aliyepika mahamri alikuwa akiuza viazi karai mlangoni kwake Langoni. Hali kama hiyo ilijirudia Machi 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege. Lakini katika safari ile, nyumba ya pili kutoka ile iliyofungwa, iliyokuwa na wapangishaji wanaoishi humohumo na kuwapa wageni vyumba viwili tu, ilikuwa wazi, watoto wakicheza uani na mlango ukiwa nusu umefunguliwa, kwa sababu wenye nyumba walikuwa na maisha mengine yasiyotegemea mgeni: mmoja mwalimu, mwingine mwenye mashua, na bibi yao akishona kofia. Hapo ilidhihirika kwamba nyumba inayoishi kwa mgeni peke yake hufa mgeni anapokosekana, ilhali sabule, kwa kuwa ni chumba kimoja tu cha nyumba, inaweza kukaa tupu msimu mzima bila nyumba kutikisika.

Hali ya sasa inalifanya funzo hilo kuwa la haraka zaidi. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilizinduliwa Mei 2021, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari hiyo. Mvuvi anayepoteza bahari yake na hana kazi nyingine hubakiwa na kitu kimoja cha thamani, nacho ni sehemu yake katika nyumba ya urithi, na mnunuzi mwenye fedha huja wakati huo. Uuzaji wa nyumba, kwa hiyo, hautokani na kutojali urithi kama inavyosemwa mara nyingi; unatokana na dhiki, mgawanyo wa mirathi na ukosefu wa njia nyingine ya kuifanya nyumba ijilipie, na anayetaka kuuzuia kwa lawama bila kuonesha njia hiyo hamsaidii mtu.

Njia hiyo ipo, na ndiyo rai ambayo mwandishi amewapa warithi walioiomba. Nyumba isiuzwe, ikodishwe kwa miaka inayojulikana, kwa mkataba unaomlazimu mkodishaji kutumia chokaa na boriti, kuwaajiri mafundi wa mji na kuirudisha nyumba ikiwa nzima. Sehemu moja ya nyumba, ikiwezekana ile ya ndani, ibaki kwa ajili ya mwana ukoo atakayeishi humo na kuwa mwenyeji kwa jina na kwa vitendo. Vyumba vya wageni viwe vichache, na viwekwe upande ulio karibu na mlango kama sabule ilivyowekwa na wazee. Na masimulizi ya nyumba yaandikwe kabla wanaoyajua hawajaondoka. Serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa nazo zina wajibu wa kuwasaidia wenye nyumba wanaoishi humo kupata chokaa na mafundi kwa gharama wanayoimudu, kwa sababu haitoshi kumkataza mtu saruji bila kumwezesha kupata kilicho bora kuliko saruji.

Msomaji anayepanga kwenda Lamu, Kilwa, Pate, Mafia au Unguja mwishoni mwa juma ana sehemu yake pia, na sehemu hiyo haihitaji elimu ya uhifadhi. Kabla ya kulipa, na aulize kama mwenye nyumba au jamaa yake anaishi humo au mtaani hapo, maji yanatoka wapi, na chakula kinanunuliwa kwa nani, kisha fedha yake aipeleke kwenye nyumba yenye majibu. Kisiwa kinahitaji wageni, na kimekuwa kikiwapokea kwa karne nyingi. Lakini kila nyumba inayompokea mgeni na ibaki na mwenyewe, kwani hiyo ndiyo tofauti kati ya mji na mahame.